Neno Divani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kochi Lililozaliwa Barazani

Divani ni fanicha ya namna gani?

Ni kiti kirefu, cha chini, kisicho na egemeo la mgongo wala mikono, ambacho huwekwa kikigusa ukuta na kupangwa mito ili ukuta wenyewe uwe egemeo. Mtu anaweza kukikalia akiwa amekunja miguu, au akajinyoosha juu yake kama kitandani. Huko Uingereza jina hilo limehamia pia kwenye kitanda: sanduku pana lililofunikwa kitambaa, lisilo na mbao za kichwani wala miguuni, ambalo godoro hulazwa juu yake na nguo huhifadhiwa ndani. Nchini India diwani ya nyumbani hukaribiana na hiyo, kwa kuwa mchana ni kiti cha wageni na usiku ni kitanda cha mgeni aliyechelewa kuondoka. Katika Kiswahili cha kila siku vitu hivi vyote huingizwa katika jina moja la kochi au sofa, na ndiyo maana wengi wetu tulilijua neno diwani kwa maana nyingine kabisa kabla hatujasikia kwamba linaweza kukaliwa.

Je, neno hili ni la Kituruki?

Njia lililopitia kufika Ulaya ni ya Kituruki, lakini shina lake ni la Kiajemi, na mizizi ya shina hilo imeshuka chini zaidi. Katika Kiajemi cha kati, kilichotumika kabla ya Uislamu, *dēwān* lilimaanisha kumbukumbu zilizoandikwa na mahali zinapotunzwa. Lina undugu na *dibīr*, yaani karani, na yote mawili hurejeshwa kwenye neno la Kiajemi cha kale *dipi*, maandishi yaliyochongwa. Waajemi walilipata neno hilo kwa majirani zao wa Elamu, ambao nao walikuwa wameliazima kutoka Kiakadi cha Mesopotamia, *tuppu*, kibao cha udongo cha kuandikia, na Waakadi walilichukua kwa Wasumeri, waliokiita kibao hicho *dub*.

Kwa hiyo ukikifuatilia kiti hiki hadi mwanzo wa jina lake, hufiki kwenye mto wala godoro. Unafika kwenye kipande cha udongo mbichi alichokishika karani ili ahesabu shayiri na kondoo.

Nimesikia kwamba neno hili linatokana na neno la Kiajemi lenye maana ya “wendawazimu”. Ni kweli?

Kisa hicho ni cha zamani na kina utamu wake. Ibn Khaldun, mwanahistoria aliyefariki mwaka 1406, anakisimulia katika Muqaddima yake: Kisra, mfalme wa Waajemi, aliwapitia makarani wake siku moja akawakuta wakipiga hesabu kwa kunong’ona, kila mmoja kana kwamba anazungumza na nafsi yake, naye akasema *dīvāneh*, yaani hawa wana wazimu. Jina likawaganda, na kwa kutumiwa mno likapoteza mkia wake. Riwaya ya pili aliyoitaja inasema makarani walifananishwa na mashetani, kwa wepesi wao wa kung’amua mambo yaliyofichika.

Wanaisimu hawaifuati njia hiyo, kwa sababu ukoo wa neno unaopitia kwa karani na maandishi unaeleza umbo lake na maana yake bila kuhitaji kisa. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kumkuta mhasibu mwishoni mwa mwezi ataelewa kwa nini kisa hicho kiliishi.

Waarabu walilitumiaje kabla ya Waturuki?

Walilitumia kwa daftari. Khalifa Umar ibn al-Khattab, aliyetawala kuanzia 634 hadi 644, ndiye aliyeanzisha diwani ya kwanza ya dola ya Kiislamu: orodha ya wapiganaji na watu waliostahili posho, iliyopangwa kwa kabila na kwa kutangulia katika Uislamu. Dola ilipopanuka diwani ziliongezeka, ya kodi, ya jeshi, ya barua, na jina likahama kutoka kwenye daftari likaenda kwenye ofisi inayolitunza. Chini ya Abd al-Malik ibn Marwan, aliyetawala kati ya 685 na 705, ofisi hizo ziliacha kuandika kwa Kigiriki na Kiajemi zikaanza kuandika kwa Kiarabu.

Upande wa pili neno lilikwenda kwa washairi. Mkusanyo wa mashairi ya mtu mmoja ukaitwa diwani, na ukasemwa usemi mashuhuri kwamba ushairi ni diwani ya Waarabu, maana yake ni kwamba nasaba zao, vita vyao na siku zao kuu zimesajiliwa katika beti. Maana hizi mbili, ofisi na kitabu cha mashairi, zinaonekana kuwa mbali sana mpaka ukumbuke kwamba zote zilianzia kwenye orodha iliyoandikwa.

Sasa ofisi iligeukaje kuwa kochi?

Hapa ndipo Waturuki wanapoingia, na hapa ndipo penye kiini cha habari yenyewe.

Katika dola ya Waosmani, *divan* lilikuwa jina la baraza kuu la serikali, Divan-ı Hümayun. Lilikutana katika jumba la Topkapı mjini Istanbul, ndani ya ukumbi uitwao Kubbealtı, jina lenye maana ya “chini ya kuba”. Katika karne ya 16 vikao vilifanyika siku 4 kwa wiki. Waziri mkuu ndiye aliyeongoza, akiwa pamoja na mawaziri wengine, makadhi wawili wakuu wa jeshi, mwandishi wa muhuri wa sultani, na *defterdar*, mweka hazina, ambaye cheo chake Mswahili hahitaji kutafsiriwa akishajua kwamba maana yake ni mshika daftari. Sultani mwenyewe hakukaa nao. Tangu enzi za Mehmed II masultani waliacha kuongoza vikao, wakabaki kusikiliza kupitia dirisha lenye kimia lililo juu ya ukuta wa ukumbi, hivi kwamba hakuna waziri aliyejua kwa hakika kama bwana wake yupo au hayupo.

Wajumbe hao hawakukalia viti vyenye miguu minne kuzunguka meza. Walikalia benchi la chini lililoshikamana na kuta, lililotandikwa na kuwekwa matakia. Ndivyo zilivyokuwa nyumba za watu wenye nafasi katika miji ya Waturuki kwa jumla: chumba cha kupokelea wageni kilizungukwa na ubao mrefu chini ya madirisha, wenye godoro jembamba na mito, na katikati pakaachwa wazi. Hapakuwa na haja ya fanicha nyingi, kwa sababu chumba chenyewe kilikuwa fanicha. Ukumbi wa baraza uliitwa divani, chumba cha wageni cha mkubwa yeyote aliyesikiliza mashauri kikaitwa hivyohivyo, na hatimaye jina likaishukia ile sehemu ya chumba ambayo mwili wa mtu huigusa, yaani benchi lenye mito.

Mabalozi, wafanyabiashara na wasafiri wa Ulaya walioketishwa hapo walirudi kwao na neno pamoja na kumbukumbu ya starehe. Kufikia karne ya 18 mafundi wa Paris walikuwa wakitengeneza viti virefu kwa mtindo waliouona kuwa wa Kituruki na kuvipa majina kama *divan*, *ottomane*, *sultane* na *turquoise*. Ni fasheni iliyoazima zaidi fikira kuliko vipimo, kwa maana kiti cha Kifaransa chenye miguu iliyochongwa na kupakwa dhahabu hakikufanana sana na ubao wa ukutani wa Istanbul. Karne iliyofuata jijini London palikuwa na nyumba za kuvutia sigara na kunywa kahawa zilizoitwa divani. Simpson’s-in-the-Strand, iliyojulikana baadaye kwa nyama ya kuoka, ilianza mwaka 1828 ikiwa nyumba ya namna hiyo, na wateja wake walicheza sataranji wakiwa wamejiegemeza.

Tunajuaje kwamba Ulaya ililipata kochi hili kwa Waturuki, na si kwa Waarabu moja kwa moja?

Herufi moja inatoa ushahidi. Kiarabu hutamka *w*, dīwān, lakini Kituruki, kama Kiajemi cha leo, hutamka *v*. Jina la kochi katika Kifaransa, Kiingereza, Kijerumani, Kirusi na Kihispania lina *v*.

Tena Ulaya ya kusini ilikuwa imekwisha kuliazima neno hilohilo kutoka Kiarabu karne nyingi kabla, kupitia bandari za Mediterania, na huko halikuleta mto hata mmoja. Lilileta ushuru. *Dogana* ya Kiitaliano, *douane* ya Kifaransa na *aduana* ya Kihispania, zote zikiwa na maana ya forodha, ni diwani ya Kiarabu iliyobanwa na ndimi za mabaharia. Mfaransa anayelipia ushuru wa kochi lake bandarini anatumia neno moja mara mbili bila kujua.

Diwani wa kata na diwani ya mashairi vinahusiana na kochi hili?

Ndiyo, vyote vitatu ni watoto wa mama mmoja, ila sisi tuliwapokea wawili wa kwanza kupitia Kiarabu, ndiyo maana wana *w*.

Maana ya kitabu cha mashairi ilifika pamoja na elimu ya dini na fasihi ya Kiarabu. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa karne ya 19, yalipochapwa mwaka 1940 yalitoka kwa jina la Diwani ya Muyaka, na tangu hapo washairi wengi wa Kiswahili wameviita vitabu vyao hivyo. Hafidh wa Shiraz, mshairi wa Uajemi, ana diwani yake, na Goethe, mshairi wa Kijerumani aliyemsoma Hafidh kwa tafsiri, alichapisha yake mwaka 1819 akaipa jina la diwani ya Magharibi na Mashariki. Malenga wetu wako katika safu hiyo kwa haki kabisa.

Maana ya mtu inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa katika Kiarabu diwani ni daftari, ofisi au baraza, lakini katika Kiswahili ni binadamu anayekaa barazani. Katika miji ya Mrima, pwani inayotazamana na Unguja, madiwani na majumbe walikuwa wakuu wa miji kabla ya Wajerumani kuingia. Bara Hindi pia lilimfanya diwani kuwa mtu: waziri wa fedha wa dola ya Mughal na, baadaye, waziri mkuu katika falme kama Mysore na Travancore. Uzito wa cheo hicho ulionekana mwaka 1765, Shah Alam II, mfalme wa Mughal, alipoikabidhi Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India *diwani* ya Bengal, yaani haki ya kukusanya kodi, na kwa mkataba huo wafanyabiashara wakawa watawala.

Tanzania imelibakiza neno katika siasa ya kila siku: kila kata humchagua diwani wake, na madiwani hukutana katika baraza la halmashauri. Nchini Kenya madiwani walikoma kisheria mfumo wa kaunti wa Katiba ya 2010 ulipoanza kazi baada ya uchaguzi wa 2013, wakaja wawakilishi wa wadi. Waswahili walioko Oman na Ghuba, kwa upande wao, huliona neno kwenye mabango ya serikali, kwani Diwani ya Kasri la Kisultani ni taasisi kubwa mjini Muscat. Huko Kuwait *diwaniya* ni chumba chenye matakia pande zote pamoja na mazungumzo ya wanaume yanayofanyika humo jioni. Katika neno hilo moja la Kuwait, baraza na kochi bado hazijatengana.

Si ajabu kwa neno la utawala kuwa jina la kiti?

Ingekuwa ajabu kwa mtu asiyejua Kiswahili. Sisi tuna *baraza*, lile benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa mbele wa nyumba huko Lamu, Mombasa na Unguja, ambalo wazee hulikalia jioni, kahawa hupitishwa, na habari za mji hupimwa moja moja. Neno lilelile ndilo tunalotumia kwa Baraza la Mawaziri na Baraza la Mitihani, na kitenzi chake, kubarizi, ni kukaa na watu kwa mazungumzo. Mtu akimweleza Mswahili kwamba kwa Waturuki mkutano na benchi la ukutani vina jina moja, Mswahili hana cha kushangaa.

Mifano haiishii hapo. Mwenyekiti ni mtu aliyepewa madaraka kwa jina la fanicha. Wagombea hushindania kiti, na wanawake huingia bungeni na katika halmashauri kwa viti maalumu. Jamvi, tandiko la ukindu, limetupa wanajamvi, watu waliokusanyika kujadiliana hata kama hakuna aliyekalia ukindu. *Majlis* ya Kiarabu, inayotaja bunge na vilevile chumba cha wageni chenye mito, imetokana na kitenzi cha kuketi. Benki nayo imetokana na neno la Kiitaliano *banco*, meza ndefu ya mbadili fedha, ambalo ni ndugu wa benchi letu.

Tofauti ya divani iko kwenye mwelekeo. Kiti chetu, jamvi letu na benchi la Waitaliano vilianza vikiwa vitu vya kukalia au kuwekea fedha, kisha vikapanda cheo hadi madaraka na mashauri. Divani ilikwenda kinyume: ilianza ikiwa maandishi, ikawa ofisi, ikawa baraza la dola, ndipo ikateremka hadi kwenye mto wa kuegemea. Maneno machache sana yamesafiri njia hiyo yakiwa yameshikilia vituo vyote, na ndiyo sababu hili linastahili ukurasa mrefu namna hii.

Je, sofa na otomani ni ndugu zake?

Ni majirani, si ndugu wa damu. *Sofa* ni la Kiarabu, *ṣuffa*, ukumbi wenye kivuli au kibaraza, neno linalojulikana na Waislamu kutokana na Ahlu Suffa, masahaba maskini waliokaa sehemu hiyo katika msikiti wa Mtume mjini Madina. Kwa Waturuki lilikuwa jina la sehemu ya nyumba. Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza aliyeishi Edirne na Istanbul mnamo 1717 na 1718, aliandika katika barua kwamba vyumba huinuliwa upande mmoja kiasi cha futi 2, sehemu hiyo ndiyo sofa, na pembezoni mwake kuna makalio yaliyofunikwa hariri. Kwa maneno mengine, aliyoikuta ilikuwa sakafu. Hata leo, katika Kituruki, *sofa* ni ukumbi wa ndani unaounganisha vyumba, na mtu anayetaka kochi dukani huomba *kanepe*.

Otomani, kile kiti kidogo cha kuwekea miguu, kimepewa jina la dola yenyewe, nayo ilipewa jina la mwasisi wake, Osman, ambalo ni Uthman ya Kiarabu. Kwetu ni Athumani. Kwa hiyo katika sebule nyingi za Ulaya na Marekani watu huweka miguu juu ya Athumani kila jioni, jambo ambalo mababu zake wasingelichukulia kwa wepesi. Waturuki wa leo hukiita kiti hicho *puf*.

Lugha nyingine zimelifanyia nini neno divani?

Kirusi kimelifanya jina la kawaida la kochi lolote. Kipolandi, katika mgeuko mmoja wa kuchekesha, huliita zulia *dywan*, kana kwamba aliyeliazima aliangalia chini badala ya kuangalia ukutani. Waserbia wana kitenzi *divaniti*, kuzungumza, ambacho kingefasiriwa vizuri kwa kubarizi kwetu. Malaysia imebaki na ukumbi, na bunge lake la chini linaitwa Dewan Rakyat. Wafaransa hulitumia kwa kochi la tiba ya nafsi, na maarufu kuliko yote ni lile alilopewa Sigmund Freud, mwasisi wa tiba hiyo, na mgonjwa wake mmoja mjini Vienna miaka ya 1890 hivi, ambalo sasa lipo katika nyumba yake ya mwisho jijini London, likiwa limefunikwa zulia la Kiajemi. Kwa Waturuki wenyewe *divan* ni kochi la kawaida lisilo na egemeo, lakini usemi wa kusimama divani bado humaanisha kusimama kwa adabu mbele ya mkubwa, mikono ikiwa imefumbatwa, kana kwamba waziri mkuu angali amekaa ukutani.

Niandike divani au diwani, na upatanisho wake ni upi?

Ushauri wetu ni kutumia *v* kwa fanicha na *w* kwa maana nyingine, kwa kuwa tofauti hiyo inafuata historia na pia inamwondolea msomaji utata. Fanicha na kitabu huingia ngeli ya I-ZI: divani hii imechakaa, diwani hizi zimechapwa upya. Mtu hupatanishwa kama watu wengine, ingawa wingi wake huchukua *ma-*: diwani huyu amefika, madiwani hawa wamefika. Ukifuata kanuni hiyo, sentensi kama “Diwani amelala juu ya divani akisoma diwani yake” inaeleweka bila shida, na maneno yote matatu ndani yake ni kibao kilekile cha udongo.